Jedwali Lililotangulia Hoja: Kuusoma Waraka Namba 173

Waraka Namba 173 wa Kituo cha Uangalizi wa Anga cha Chuo cha Harvard una kurasa tatu tu. Umetiwa tarehe 3 Machi 1912. Ndani yake mna jedwali moja, grafu mbili, na aya chache zisizopandisha sauti hata mara moja. Wengi wameusoma kwa maudhui yake, na wana haki, kwa kuwa ndimo ulimotangazwa uhusiano kati ya mng'ao wa nyota fulani na muda zinaoutumia kung'aa, kufifia na kung'aa tena. Kwa uhusiano huo wanaastronomia walipata baadaye njia ya kupima umbali wa galaksi nyingine. Mimi nataka kuusoma kwa fani. Ninavyouona, ugunduzi wenyewe umekaa katika mpangilio wa waraka zaidi kuliko katika sentensi yake yoyote, na msomaji anayeliruka jedwali ili awahi maelezo huwa ameiruka hoja.

Kwanza, nani anasema? Sentensi ya mwanzo inamwarifu msomaji kwamba taarifa inayofuata imetayarishwa na Miss Leavitt. Mwenye sentensi hiyo ni Edward C. Pickering, mkurugenzi wa kituo, na jina lake ndilo lililo mwishoni, mahali pa saini. Katikati yumo Henrietta Swan Leavitt, mmoja wa wanawake walioajiriwa Harvard kukokotoa na kupima picha za nyota, kwa ujira wa senti 30 za dola kwa saa. Naye hasemi "mimi" hata mara moja. Mambo yalipimwa, yalionekana, yalihisiwa; mpimaji hatajwi. Kauli ya kutendwa ni desturi ya maandishi ya sayansi na isingenishughulisha, ila hapa imebanwa kati ya majina mawili, moja mlangoni na jingine kwenye saini, hata msomaji hana hakika kila mara anamsikiliza nani. Utata huo utanirudisha kwenye aya ya mwisho ya waraka.

Kabla ya jedwali zipo aya zinazoeleza data ilikotoka, nazo zinapita haraka mno. Picha zilipigwa Arequipa, Peru, kwa darubini ya Bruce yenye lenzi ya inchi 24, juu ya mabamba ya kioo yaliyosafirishwa hadi Cambridge, Massachusetts. Kilichopigwa ni Wingu Dogo la Magellan, kundi kubwa la nyota lililo karibu na ncha ya kusini ya anga. Msomaji wa Mtwara au Dar es Salaam, akijitenga na taa za mji usiku wa Desemba usio na mbalamwezi, anaweza kuliona chini upande wa kusini kama doa la weupe hafifu. Cambridge halichomozi kamwe. Leavitt alilijua kwa kioo, vidoa vyeusi juu ya bamba angavu. Mbinu yake mojawapo ilikuwa kulaza nakala chanya ya usiku mmoja juu ya negativu ya usiku mwingine na kutafuta vidoa visivyofunikana sawasawa. Kwa kazi ya namna hiyo alichapisha mwaka 1908 orodha ya nyota 1,777 zinazobadilika mng'ao katika Mawingu mawili ya Magellan.

Miaka yote ya kazi hiyo waraka umeikunja katika lalamiko moja la adabu: eneo ni kubwa, nyota zimesongamana, mwanga wao ni hafifu, vipindi ni vifupi, na kwa kuwa kila picha huhitaji muda mrefu kupigwa, picha zenyewe ni chache. Mwandishi mwingine angejisifu kwa shida hizo. Huyu anazitaja kama fundi anayekuonya mapema kwamba kipimo chake kina mipaka, na kwamba ngazi ya mng'ao anayoitumia ni ya muda tu.

Halafu jedwali. Nyota 25, safu saba: namba ya nyota, mng'ao wake wa juu kabisa, wa chini kabisa, tarehe ya kuanzia hesabu, kipindi kwa siku, kisha safu mbili za tofauti ambazo bado hatujaambiwa ni tofauti na nini. Tazama namba za nyota zinavyofuatana: 1505, 1436, 1446, 1506, 1413. Hazina mpangilio. Karani wa kawaida angeziorodhesha kwa namba, na jedwali lingebaki kuwa ghala. Leavitt amezipanga kwa urefu wa kipindi. Hiyo ndiyo hatua ya ubunifu katika waraka mzima, na aliyeichukua anaitaja kama jambo la uchapaji tu. Ukishuka na safu ya vipindi kutoka siku 1.25336 hadi siku 127.0, safu ya mng'ao inashuka nawe, ikijikwaa hapa na pale, kutoka 14.8 hadi 11.2. Katika ngazi hii namba ikipungua nyota inang'aa zaidi. Basi kabla hujasoma neno lolote la uchambuzi, jicho limekwisha kuona kwamba nyota zinazochukua muda mrefu ndizo zenye mwanga mwingi. Jedwali limekwisha kusema, na maneno yatakayofuata ni ya kushuhudia tu.

Angalia pia tarakimu zilizo baada ya nukta. Nyota ya kwanza imepewa tano: 1.25336. Ya mwisho imepewa moja: 127.0. Kati yao usahihi unapungua, si kwa utaratibu mkamilifu, lakini mwelekeo uko wazi. Mkaguzi mpenda usawa angezilinganisha zote zionekane nadhifu ukurasani. Kutolingana kwake ndiko ukweli wake. Nyota inayorudia mzunguko wake kila siku moja na robo imefanya mizunguko mingi mno kati ya picha ya kwanza na ya mwisho, na kosa dogo la saa likigawanywa kwa mizunguko hiyo yote linakaribia kwisha. Inayochukua siku 127 imezunguka mara chache zaidi. Kila kipindi kimeandikwa kwa kiasi ambacho kioo kiliweza kukithibitisha. Sijaona ukurasa mwingi wa fasihi ambamo mwandishi amejizuia hivyo.

Na zile safu mbili za mwisho? Msomaji anakutana nazo gizani. Ni kiasi ambacho kila nyota inaukosa mstari, lakini mstari wenyewe hauonekani mpaka kwenye grafu ya pili. Yaani hesabu ya makosa imetangulia sheria iliyokosewa. Sidhani ilikusudiwa iwe taharuki. Nadhani ilikuwa njia ya kubana nafasi. Hata hivyo kwa msomaji anayerudi nyuma ina nguvu, maana anagundua kwamba nyota ya kwanza kabisa kwenye orodha, 1505, iko mbali na mstari kwa zaidi ya nusu ya daraja la mng'ao. Ushahidi usiotii umewekwa mstari wa juu, mahali pa wazi kuliko pote.

Grafu zenyewe ni mbili, na swali la fani ni kwa nini mbili. Data ni ile ile. Ya kwanza inaweka siku kwenye mhimili wa ulalo na mng'ao kwenye wima: nyota 22 kati ya 25 zina vipindi vya chini ya siku 17, kwa hiyo zinasongamana kushoto, kisha tatu zinatawanyika kulia, na michirizi miwili, mmoja wa mng'ao wa juu na mmoja wa mng'ao wa chini, inapanda ghafla halafu inalala. Ya pili inachukua logi ya kipindi badala ya kipindi, na msongamano unafunguka. Michirizi inanyooka. Sasa unaweza kulaza rula: kila daraja moja la mng'ao likiongezeka, logi ya kipindi inaongezeka kwa takriban 0.48. Angeweza kutupa grafu ya pili peke yake, na vitabu vingi vya leo hufanya hivyo. Kwa kuziweka zote mbili amemwonyesha msomaji tendo lenyewe la kunyoosha, asije akadhani kwamba unyoofu ulikuwa angani tayari. Hapo pia ndipo waraka unapokaribia kusisimka: unakiri kwamba ulaini wa michirizi ya grafu ya kwanza ni wa kushangaza. Kushangaa kwenyewe kumewekwa kwenye umbo la mchirizi. Nyota na ulimwengu havishangaliwi.

Kisha inakuja sentensi ambayo kila mtu huinukuu, nami nitaieleza tu. Inasema kwamba kwa kuwa nyota hizo huenda ziko karibu katika umbali mmoja kutoka Dunia, vipindi vyao yaelekea vinahusiana na mwanga wanaoutoa hasa. Ukisimama usiku ufukweni mwa Ziwa Viktoria na kutazama karabai za wavuvi wa dagaa walioko mbali, taa inayoonekana kali ni kali kweli, kwa sababu mitumbwi yote iko mbali karibu sawa. Wingu Dogo lilimpa Leavitt faida hiyo, ambayo nyota zilizotapakaa anga zima hazimpi mtu. Sentensi ina vizuizi vitatu, huenda, karibu, yaelekea, na jambo kubwa kuliko yote, umbali, limefichwa kwenye kishazi tegemezi. Hapa ndipo ninapoilaumu fani. Kiasi kilichoyapendezesha makosa ya jedwali kinaifanya hoja kuu iweze kupitwa bila kuonwa. Hata hivyo siwaafiki wanaosema hakujua alichokishika. Mistari michache baadaye waraka unatumaini kwamba umbali wa baadhi ya nyota za aina hii utapimwa moja kwa moja, kwa kuzitazama kutoka pande mbili za mzunguko wa Dunia. Anayejua ni kipimo gani kimoja kinachokosekana anajua rula yake ni ya kupimia nini.

Makadirio ya umbali, ingawa kwa njia nyingine, yalikuja mwaka uliofuata. Ejnar Hertzsprung, Mdenmaki aliyekuwa Ujerumani, alikadiria umbali wa nyota 13 za aina hii zilizo karibu nasi, akaufunga mstari wa Leavitt kwenye ngazi halisi, akapata umbali wa Wingu Dogo. Kilichochapishwa kilikuwa miaka nuru 3,000, ilhali hesabu yake mwenyewe ilielekea kwenye 30,000 na zaidi. Sifuri moja ilipotea njiani. Leo umbali huo hukadiriwa kuwa kama miaka nuru 200,000. Baada ya kukaa na jedwali linalohesabu kila tarakimu, sifuri hiyo inauma. Na Oktoba 1923, mwanaastronomia Edwin Hubble alipogundua nyota ya aina hii katika galaksi ya Andromeda kwa darubini ya Mount Wilson, mstari wa Leavitt ndio uliomwezesha kuonyesha kwamba Andromeda iko nje kabisa ya galaksi yetu.

Turudi kwenye aya ya mwisho. Inaorodhesha maswali kisha inatumaini kwamba uchunguzi wa nyota zote zinazobadilika katika Mawingu mawili, karibu elfu mbili, utaanza karibuni kituoni hapo. Nani anatumaini? Ikiwa ni Leavitt, ni ombi la mfanyakazi kwa mkuu wake, limeandikwa hadharani ili lisikike. Ikiwa ni Pickering, ni tangazo la ofisi. Sarufi haiamui, na saini inayofuata mara moja inalivuta tumaini upande wa mkurugenzi. Lakini Leavitt alielekezwa kwenye kazi ya kusanifisha ngazi ya mng'ao kwa nyota za kaskazini, iliyochapishwa mwaka 1917, na alifariki Desemba 1921. Orodha za marejeo za leo huandika majina yote mawili, la Leavitt likitangulia, na wanaastronomia wengi wameanza kuuita uhusiano huo Sheria ya Leavitt. Kwa ushahidi wa fani naona wako sahihi: aliyepanga jedwali kwa siku badala ya namba ndiye mwandishi, na mwenye saini ni mchapishaji wake.