Kifafa Kisichoangusha Mtu

Hesabu ya kifafa iliyofanywa Kilifi na kikosi cha Charles Newton, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, ndiyo msingi wa mengi yanayosemwa kuhusu maradhi hayo Pwani ya Kenya. Matokeo ya 2008 yalihusu watu 151,408. Walioonekana na kifafa hai walikuwa 2.9 kwa kila 1,000, wakawa 4.5 baada ya kurekebisha kwa waliokosekana na walioponyoka kwenye maswali. Mwaka 2013 ikaja hesabu ya vituo vitano, Kilifi ikiwa pamoja na Ifakara, Iganga-Mayuge, Kintampo na Agincourt. Ni kazi kubwa, iliyoharibiwa na neno moja lililowekwa mlangoni: mtukutiko.

Aliyehesabiwa ni yule tu aliyetukutika mwili mara mbili au zaidi bila sababu ya papo hapo, mara mojawapo ikiwa ndani ya miezi 12, au awe tayari anatumia dawa. Mtoto anayekodoa macho sekunde kumi, tonge likiwa njiani kwenda mdomoni, hakumo. Hayumo pia mwanamke ambaye mkono wake mmoja hucheza wenyewe kila wiki huku akili yake ikiwa timamu. Sababu ya uamuzi huo inaeleweka: karani wa sensa hawezi kutambua kuzubaa kwa ugonjwa kama anavyotambua kuanguka, na anayeanguka ndiye anayeungua jikoni au kuzama kisimani. Lakini ugumu wa kuuliza si sababu ya kumfuta mtu. Kosa likazaa kosa, kwani nambari ile haikukaa na jina lake refu, kifafa hai cha mtukutiko; ikifika kwenye hotuba huitwa kifafa tu.

Hata huyo wa mtukutiko alihitaji shahidi. Maswali ya kwanza aliulizwa mkuu wa nyumba, naye huwajibia watu ambao hajawahi kuwaona wakilala. Kifafa kingi humjia mtu usingizini, na asubuhi huacha alama ndogo: ulimi ulioumwa, shuka lililolowa, misuli inayouma kama ya aliyebeba magunia. Pwani alama hizo zina maelezo tayari, nayo ni jinamizi. Frederic na Erna Gibbs walikwisha kuonyesha katika miaka ya 1940 kwamba usingizi huutoa nje umeme wa kifafa ambao mgonjwa aliye macho huuficha. Kilifi kipimo cha umeme wa ubongo kilikuja mwishoni, kwa waliokwisha kupita mlango. Waliobaki nje hawakuwa na pa kupimwa.

Mambo yaliyofanywa vizuri Kilifi ni mengi. Kwa mfano mwaka 2012 Caroline Mbuba na wenzake walitafuta dawa ndani ya damu badala ya kuamini maneno, wakaona 62.4% ya wagonjwa hawakuwa kwenye matibabu.

Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, hakuwa na sensa alipoanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanganyika, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuwa na fenobabitali, daftari na subira. Aliona watoto wanaoinamisha kichwa tena na tena kama wanaosinzia, wengine wakiwa bado hawajaanguka hata mara moja, naye akawaandika. Miongo kadhaa baadaye kusinzia huko kwa kichwa kukawa habari ya dunia, kulipowapata watoto wengi kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Kwa kipimo cha Kilifi, mtoto yule wa Mahenge angengoja mpaka atukutike ndipo awe mgonjwa.

Mishomoroni, katika eneo la Kisauni mjini Mombasa, iko kama kilomita 50 kusini mwa Kilifi mjini, nje ya mipaka ya sensa ile, na msongamano wake haufanani na mashamba ya minazi na mihindi yaliyohesabiwa. Hata hivyo nambari ya Kilifi husomwa kana kwamba ni ya Kisauni pia. Mtoto anayezubaa chuoni huko hupigwa bakora kwa utoro wa akili, na hakuna hesabu inayomtetea.

Kwamba inawezekana kuuliza zaidi kumeonekana Nairobi, ambako utafiti wa miaka ya karibuni katika mitaa ya Korogocho na Viwandani uliwatafuta pia wenye kifafa kisicho na mtukutiko. Hesabu ya namna hiyo ifanywe Kisauni. Kabla ya hapo, 4.5 ni makadirio ya wenye mtukutiko tu, na isomwe hivyo.