Tama Iliyotamka Jina la Mfalme

Ryan Coogler alipoandaa Black Panther, filamu ya Marvel yenye bajeti ya takriban dola milioni 200, Hollywood haikukosa watunzi waliokwishazoea muziki wa mashujaa wanaopaa angani. Majina yao huwatuliza wenye pesa. Coogler akamwita rafiki yake wa chuo. Ludwig Göransson ni Mswidi aliyezaliwa Linköping mwaka 1984, mtoto wa mwalimu wa gitaa aliyempa mwanawe jina la Beethoven. Walijuana wakisoma Chuo Kikuu cha Southern California, na tayari alikuwa amemtungia Coogler muziki wa Fruitvale Station mwaka 2013 na Creed mwaka 2015. Wengine walimfahamu kwa muziki wa Community, kipindi cha vichekesho cha televisheni, au kama mtayarishaji wa nyimbo za Childish Gambino. Hakuna hata kazi moja kati ya hizo iliyoashiria kwamba huyu ndiye wa kuipa sauti Wakanda, ufalme wa Kiafrika wa filamu hiyo.

Kwa nini Mswidi? Swali hilo liliulizwa, na lilistahili kuulizwa. Bara hili lina watunzi, na wengi wao hawajawahi kupigiwa simu na studio kubwa hata mara moja. Sitaki kulipuuza. Lakini nimeusikiliza muziki ule kwa makini, kipande kwa kipande, na ninachokiheshimu ni utaratibu wa kazi: nani alisikilizwa kwanza, na nani akafuata.

Baada ya kusoma hati ya filamu, Göransson alifunga safari hadi Senegal kwa Baaba Maal, mwimbaji wa Kifulani kutoka Podor, mji ulio kando ya Mto Senegal. Akafuatana naye katika ziara ya maonyesho, akakaa pembeni na kutazama wanamuziki wakifanya kazi zao mbele ya watu wao. Kisha wakaingia studio. Huko hakuwagawia karatasi za noti. Alichofanya ni kuwasimulia wahusika wa filamu, tabia zao na machungu yao, akawaachia wapigaji waamue chombo kitasema nini.

Tama inaonyesha vizuri zaidi matunda ya njia hiyo. Ni ngoma ndogo yenye kiuno chembamba, ngozi huku na ngozi kule, zimeunganishwa kwa kamba nyingi zinazopita ubavuni. Mpigaji huibana kwapani. Akikaza mkono, kamba huvuta ngozi na sauti hupanda. Akilegeza, sauti hushuka. Mkono mwingine una kijiti kilichopinda kichwani, na vidole vya mkono ulioibeba ngoma navyo hugusa ngozi kuongeza neno lao. Massamba Diop, aliyempigia Baaba Maal tama kwa miaka mingi, aliposimuliwa habari za T'Challa, mrithi wa kiti cha Wakanda, alilipiga jina lenyewe. Silabi zake ziko mle katika kupanda na kushuka kwa ngozi. Tangu hapo, mfalme akijitokeza kwenye filamu, tama inamtangulia, kama mpiga mbiu anavyotangulia msafara.

Mtu anayesikia haraka atasema hiyo ni ngoma ya Kiafrika iliyowekwa juu ya okestra. Sivyo ilivyo. Katika filamu nyingi za Hollywood okestra huandikwa kwanza, halafu ngoma hunyunyiziwa mwishoni ili mtazamaji ajue sasa tuko Afrika. Göransson aligeuza mpangilio huo. Wazo kuu la muziki wa T'Challa limekaa ndani ya tama, na tarumbeta na trombone zinaingia baada yake, zikijibu kile kilichokwisha kusemwa. Ondoa violini zote na bado mfalme yupo. Ondoa tama uone: kinachobaki ni fahari ya jumla tu, ambayo ingeweza kuwa ya shujaa yeyote.

Killmonger, mpinzani wa T'Challa, alipewa filimbi. Filimbi ya Wafulani hutengenezwa kwa shina la mmea unaotambaa, ina matundu matatu tu ya vidole, na hushikwa kwa upande. Ujuzi uko kooni: mpulizaji hutoa pumzi na sauti yake mwenyewe kwa wakati mmoja, akiguna, akinong'ona, hata akipiga kelele ndani ya chombo. Mpuliza filimbi Amadou Ba alipoelezwa Killmonger ni mtu wa namna gani, alianza kusema na kufoka ndani ya filimbi. Göransson alichukua sauti hiyo ya hasira na kuiwekea chini besi nzito za mashine ya midundo ya 808, zile zilizojenga hip-hop ya Marekani. Tukumbuke Killmonger ni nani: mtoto wa Oakland, baba yake Mwakanda, asiye na kwao kamili upande wowote. Filimbi na mashine hazijapatanishwa ziwe kitu kimoja laini. Kila moja inavutia upande wake, na hiyo ndiyo hali ya kijana yule, imeelezwa kabla hajafungua mdomo.

Niliisikia filimbi hiyo Hagadera, katika banda la video sokoni, jenereta ikinguruma nyuma ya mabati na spika moja ikikwaruza. Picha kadhaa hazikuonekana vizuri, lakini filimbi ilipenya. Kambi za wakimbizi za Dadaab, Garissa, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zimekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sehemu kubwa ya wakazi wake wametoka katika jamii za wafugaji wa Somalia. Wafulani nao ni wafugaji. Kati ya Podor na Garissa kuna upana wa bara zima, lakini pumzi iliyochanganyika na mguno si ngeni kwa mtu aliyekulia nyuma ya ngamia. Wafugaji wa Kisomali wana nyimbo za kunywesha ngamia kisimani, na wimbo wa kuwaita mifugo wasogee si ule wa kuwatuliza wakinywa. Mwimbaji ni yule yule anayevuta maji, kwa hiyo mdundo unatoka kwenye mikono na kamba, na sauti inafuata kazi. Mtunzi anayetafuta namna ya kujenga muziki kutoka kwa mwili wa mtu, badala ya karatasi, angepata mengi pale.

Hapa ndipo nina neno la lawama, nalo nalisema kwa sababu kazi ni nzuri. Ramani za filamu za Marvel huiweka Wakanda upande wetu huu wa Afrika Mashariki. Lugha waliyopewa watu wake ni Kixhosa cha Afrika Kusini, na ngoma zao zimetoka Senegal. Mle ndani sikusikia kaban ya Kisomali, sikusikia nyatiti ya Wajaluo, ingawa mwigizaji Lupita Nyong'o, Mjaluo mwenyewe, alikuwa katikati ya skrini. Göransson alikwenda pia Makhanda, Afrika Kusini, kwenye maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954, ambako kuna mamia ya ala na kanda zilizorekodiwa sehemu nyingi za bara, Kenya ikiwemo. Kwa hiyo sauti za kwetu zilikuwa karibu na mkono wake. Hakuzitumia, au hazikuingia masikioni mwangu.

Wala si kwamba jambo hili la kuchota kitu kikubwa mahali pasipotazamiwa ni geni kwetu. Ukiufuata Mto Tana kutoka Garissa kuelekea baharini unaingia katika vijiji vya Wapokomo, na huko ndiko ulikotoka wimbo wa kubembeleza mtoto uliozaa wimbo wa taifa wa Kenya. Mwaka 1963 jopo la wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, lilipopewa kazi ya kuandaa wimbo wa nchi mpya, halikuanzia kwenye bendi za gwaride. Lilichukua sauti ya mama na mtoto, likaipanga upya hadi ikaweza kubebwa na uwanja mzima uliosimama wima. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya kusikiliza kwanza na kupanga baadaye, na ilifanywa na watu waliojua ni kipi cha kuacha bila kuguswa.

Göransson naye alijua. Albamu ya muziki wa filamu inafunguliwa na Baaba Maal peke yake, sauti ya juu isiyosindikizwa na chochote, akiimba kwa Kifulani habari za tembo aliyekufa. Mtu aliyeaminiwa dola milioni 200 angeweza kuogopa ukimya ule na kuujaza. Aliuacha.

Februari 2019 alipata Oscar kwa kazi hiyo. Kwa Wakanda Forever ya mwaka 2022 alirudia utaratibu ule ule, safari hii akarekodi Mexico na Nigeria. Na Black Panther ilipoanza kuonyeshwa kwenye kumbi za muziki, filamu ikipita kwenye skrini na okestra ikipiga chini yake, ilidhihirika nani amebeba nini. Wapiga violini hupatikana katika kila mji mkubwa, na wanaweza kusoma noti zile baada ya mazoezi machache. Tama haikuandikiwa mbadala. Massamba Diop alisafiri na ngoma yake, akasimama mbele ya okestra za Marekani, nao waongozaji wakamsubiri aanze.