"Upunguzaji" wa Oksijeni: Istilahi Inayopotosha

Mfasiri anayeandika "upunguzaji wa oksijeni kwenye elektrodi" humfanya msomaji adhani kuwa kiasi cha gesi ndicho kinachopungua. Hata asili ya neno haimtetei, kwani shina lake la Kilatini lina maana ya kurudisha: metali ilirudishwa kutoka katika mawe yake. Fasili ya zamani, "kuondoa oksijeni", nayo haifai hapa. Oksijeni itaondolewaje oksijeni?

Linalotendeka ni kupokea. Katika mmumunyo wa alkali, juu ya platini, kila molekuli ya oksijeni kwa kawaida hupokea elektroni 4 na, pamoja na maji, hutoa ioni 4 za hidroksidi. Juu ya zebaki hupokea 2 kwanza, ikawa peroksidi. Hesabu hiyo ndiyo kiini cha somo, nayo hufichwa na "upunguzaji", maana mwanafunzi husikia kupungua mahali ambapo elektroni zimeongezeka.

Kwa maoni yetu "upokeaji elektroni" ni bora. Ni refu, naam, wala halizai kitenzi kimoja cha kwenda sambamba na "kuoksidisha". Anayeiona dosari hiyo kuwa kubwa na atohoe "ridaksheni", mradi asirudi kwenye "upunguzaji".