Kamera Ilikuwapo, Pesa Zikatangulia

Video ile ya Langham Place, Hong Kong, kila anayefuatilia kazi ya duka ameshaiona na kuirudia. Sanamu ya dhahabu ya Laa-Laa wa Teletubbies, urefu wake mita 1.8, imesimama ndani ya duka la midoli la KKPlus pale Mong Kok, bei yake dola za Hong Kong 52,800. Mtoto wa miaka 5 anarudi nyuma, mgongo unaiegemea, sanamu inalala chini na kupasuka vipande. Ilikuwa Mei 2022. Tangu siku hiyo watu wamebishana kuhusu mtoto, kuhusu malezi, na kuhusu baba aliyekuwa nje ya duka akiongea na simu. Nadhani wanabishana mahali pasipo. Kosa kubwa la siku ile lilifanyika baada ya kishindo, na aliyelifanya ni duka: lilipokea dola 33,600 kabla mlipaji hajaona picha za kamera iliyokuwa ikining'inia juu ya kichwa chake.

Tuipunguze kasi hapo, maana hapo ndipo penye kazi. Baba anaingia, sanamu iko chini, mwanawe yuko pembeni yake. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye kwenye vyombo vya habari, aliambiwa mtoto ameipiga teke. Neno hilo moja lilibeba mzigo wote. Teke lina nia ndani yake: anayepiga teke amechagua. Kuegemea hakuna nia, ni mwili wa mtoto uliotafuta pa kujishikiza. Mhudumu anayesema "teke" bila kuhakikisha ameshatoa hukumu, na anaitoa mbele ya mtu ambaye kwa dakika ile hana uwezo wa kuikatia rufaa. Mzazi aliyekuta mali ya watu imevunjika na mwanawe kasimama hapo hapo ameshikwa na aibu, na mwenye aibu hajadiliani bei wala haulizi ushahidi. Anataka jambo liishe watu waache kumtazama. Muuzaji mzoefu anaijua hali hiyo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kazi yake ni kusoma nyuso. Ndiyo maana namlaumu zaidi aliyeyakubali malipo katika hali hiyo kuliko aliyelipa.

Utaratibu wa kazi hii haujifichi. Kwanza unamtoa mtoto kwenye vipande na kumkagua viganja na magoti, kwa sababu mpaka hapo kilichovunjika ni bidhaa tu na hutaki kiongezeke kingine. Halafu unamwondoa mzazi machoni pa wateja, mnaingia ofisini, mnaitazama picha pamoja, yeye na wewe, mara mbili au tatu. Unaandika kilichoonekana, unachukua namba ya simu, unamwambia meneja atampigia kesho. Pesa hazitajwi siku hiyo. Sanamu iliyokwisha vunjika haiendi popote usiku mmoja, na picha za kamera vilevile. Haraka ile ya kufunga hesabu papo hapo haikuwa na faida yoyote kwa duka isipokuwa moja, nayo ni kwamba mteja alikuwa bado hajajua la kujibu.

Wapo waliolitetea duka kwa kusema lilikuwa na huruma: bei ilikuwa 52,800, likachukua 33,600, likasamehe 19,200. Hoja hii inaruka swali la kwanza. Punguzo hutolewa kwenye deni, na deni lilikuwa bado halijathibitishwa. Sheria zetu za asili ya Kiingereza, ambazo Hong Kong nayo imezirithi, hazimfanyi mzazi mdaiwa kwa kuwa mzazi tu. Ni lazima ionekane kwamba yeye mwenyewe alizembea kusimamia. Na mtoto hapimwi kwa kipimo cha mtu mzima. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya McHale dhidi ya Watson, ilimpima mvulana wa miaka 12 aliyerusha kipande cha chuma chenye ncha kwa kipimo cha mvulana wa umri wake, na haikuona kwamba alizembea. Huyu wa Mong Kok alikuwa na miaka 5 na hakurusha kitu.

Kuna upande mwingine wa sheria ambao wenye maduka hupenda kuusahau. Mwaka 1921, Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu ya Uingereza, liliamua kesi ya mtoto wa miaka 7 aliyekula matunda yenye sumu katika bustani ya umma Glasgow. Matunda yalivutia macho, hayakuwa na uzio wala onyo la kutosha, na mwenye bustani akaambiwa ana la kujibu. Kenya imeiweka fikra hiyo kwenye Sura ya 34 ya sheria zake: anayesimamia mahali hana budi kutarajia kwamba watoto watakuwa na tahadhari ndogo kuliko wakubwa. Najua sheria hiyo inahusu mtoto aliyeumia, haihusu bidhaa iliyovunjika. Lakini kichwa kinachopanga duka ni kile kile. Ukichukua mhusika wa kipindi cha watoto wadogo, ukampaka dhahabu, ukamsimamisha sakafuni pasipo uzio katika duka la midoli, umemwita mtoto aje. Kisha unamshangaa kwa kuitika?

Nimelisema hili kuhusu pipi zinazopangwa karibu na keshia, kwenye urefu wa macho ya mtoto, mahali ambapo mama hawezi kukimbia kwa kuwa yuko kwenye foleni. Nitalisema tena. Duka linalopanga mali yake limvute mtoto limeshafanya biashara na mtoto huyo, na haliwezi kumgeukia mzazi kana kwamba mtoto alivamia. Bango la "Ukivunja umenunua" nalo ni la kundi hilo hilo. Linaandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa juu, asikoweza kuliona wala kulisoma anayelengwa.

Mabwana wa kazi hii walikuwa wale wa kaunta. Allidina Visram, aliyetoka Kutch akiwa kijana na kueneza maduka kutoka pwani mpaka Uganda, alifariki mwaka 1916. Mwaka huo huo, Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua Piggly Wiggly, duka ambalo mteja aliingia na kujichukulia mwenyewe kwenye rafu. Kabla ya hapo mali ilikaa nyuma ya muuzaji. Mtoto alitumwa sukari robo, akasimama mbele ya meza ndefu kuliko kidevu chake, akataja alichotumwa, akapewa na chenji yake. Hakuwa na cha kuangusha. Na mwenye duka alimjua: huyu wa nyumba ile, mwambie mama yako deni limefika kiasi fulani. Mfumo wa kujihudumia ulipunguza wahudumu na kuongeza mauzo, na faida hiyo wenye maduka wameila kwa zaidi ya miaka 100. Gharama yake ni kwamba mikono ya watoto sasa inafika kwenye mali. Aliyekula faida ndiye wa kubeba gharama.

Mtasema nimemwachia mzazi. Sijamwachia. Kuna watoto wanaopanda trolei kama bodaboda, wanaofungua biskuti na kuzirudisha rafuni, na wazazi wanaotazama simu huku mhudumu akiwafuata watoto wao. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" ni methali ya kweli. Ila haimsaidii binti aliyesimama kwenye rafu za glasi saa nane mchana. Anachohitaji ni ruhusa ya kutenda mapema: kuchuchumaa mpaka macho yake yalingane na ya mtoto, kusema "Mwanangu, njoo unionyeshe mama yuko wapi," na kumpeleka bila kumkaripia. Mzazi aliyeletewa mtoto akiwa mzima hana ubishi. Wahudumu wengi hawafanyi hivyo kwa kuwa wameambiwa mteja asiguswe, halafu kikivunjika kitu wanakatwa mshahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu makato kwa hasara iliyotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi mwenyewe, si kwa kila glasi iliyoangushwa na mtoto wa mteja. Mfanyakazi anayeogopa makato atatafuta wa kumtupia lawama haraka, na mtoto yuko karibu.

Mwaka 2016, Ningbo, China, mtoto aliiangusha sanamu ya Lego ya mbweha Nick Wilde muda mfupi tu baada ya maonyesho kufunguliwa. Thamani yake ilitajwa kuwa dola za Marekani 15,000 hivi, na msanii alikuwa ameijenga kwa siku tatu mchana na usiku. Wazazi waliomba radhi, naye akakataa fidia, akisema mtoto hakukusudia. Aliyekuwa na haki kubwa ya kukasirika aliuliza kwanza kuhusu nia. KKPlus ilifika hapo baadaye, picha ziliposambaa: ikaomba radhi na kurudisha 33,600 zote, na hilo ilifanya vyema. Picha zilizozirudisha pesa ni zile zile zilizokuwa kwenye mashine ya duka baba alipokuwa akilipa.