Kutoka Duma hadi The Adept: Giza Limepata Jina

Kwa Kiswahili, duma ni mnyama mwenye mbio. Kwa Gĩkũyũ, nduma ni giza. Duma ya Martin Khanja na Sam Karugu, vijana wawili waliotoka kwenye metali ya Nairobi, ilikuwa vyote viwili: mbio gizani. Albamu yao ya 2020, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ilitufikia wakati wa kafyu. Ngoma kama “Lionsblood” inakugongea kama mtu anayepiga geti la mabati usiku. Sauti ya Khanja imefunikwa na mashine, na hapo ndipo utamu ulipo: hujui nani analia, unahisi ni wewe.

Aprili 2024 Khanja, sasa Lord Spikeheart, akatoa The Adept peke yake kupitia lebo yake, Haekalu. Mambo yamegeuka. Sauti iko mbele. Maproduza ni wengi, wageni pia, akiwemo rapa Backxwash, mzaliwa wa Zambia anayeishi Kanada. Waliozoea Duma watanuna, na wana hoja. Albamu inakaa kama ploti ya Kitengela: kila nyumba na redio yake. Ule mgandamizo wa watu wawili kwenye chumba kimoja haupo.

Bado mimi nachagua hii ya pili. Khanja ameitolea Muthoni wa Kirima, nyanya wa ukoo wake, field marshal wa Mau Mau aliyefuga nywele zake tangu msituni hadi zikakatwa 2022, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Mayowe yasiyo na jina humfaa yeyote. Yakipata jina, yanadai deni.

Watu huniuliza, huu si muziki wa wazungu? Roki ya gothiki ilizaliwa Uingereza, kweli, ikaazima makaburi na makanisa ya mawe. Giza letu ni lingine: msitu, kafyu, na kaburi la Dedan Kimathi ambalo halijathibitishwa hadi leo. Hakuna haja ya kuazima.

Jaribu hivi. Panda matatu ya Kitengela kwenda Kajiado, uvae spika za masikio. Ukicheza Duma, malori ya Namanga Road yanaingia tu kwenye ngoma, hutajua lipi ni lipi. Ukifika Isinya, weka The Adept. Utaongeza sauti, kwa sababu sasa kuna mtu anaongea, na unataka kusikia anachosema.