Kivuli Kidogo, Hasara Kubwa

Muuzaji wa sola akikwambia kwamba kivuli kikifunika sehemu moja ya kumi ya paneli utapoteza sehemu moja ya kumi ya umeme, hajui anachouza. Seli 60 za paneli ya kawaida ya silikoni zimeungwa kwa mfululizo. Kila seli hutoa takriban nusu volti, na mkondo unaopita katika seli ya kwanza ndio huohuo unaopaswa kupita katika ya mwisho. Jani likifunika seli moja, mkondo wake unashuka na nyingine zote zinabanwa. Mbaya zaidi, seli zenye jua huweza kuisukumia umeme ile yenye kivuli ikapata moto hadi kuungua. Kwa hiyo viwanda huweka diodi tatu katika kiboksi cha nyuma, kila moja ikilinda kundi la seli 20. Kundi likizibwa, diodi inaupitisha mkondo pembeni, na theluthi ya nguvu imepotea.

Kinachoamua hasara, basi, ni idadi ya makundi yaliyoguswa. Makundi hayo hupangwa kufuata urefu wa paneli, kila moja likiwa na safu mbili za seli 10. Tuseme paneli imefungwa wima, upande mfupi chini, na ukuta wa ukingo wa paa umefunika mstari wa chini wenye seli 6. Ni sehemu moja ya kumi tu, lakini makundi yote matatu yameguswa, na paneli inakaribia kuzima. Ilaze paneli hiyohiyo kwa ubavu, mstari wa chini sasa una seli 10: kivuli kimekua, hasara imepungua, maana kundi moja tu limezibwa na theluthi mbili zinabaki.

Atatokea wa kusema kwamba paneli za seli nusu, yaani zenye seli zilizokatwa vipande viwili, zimemaliza tatizo hili. Ni kweli kwamba nusu ya juu na nusu ya chini ya paneli hiyo zimeungwa sambamba, hivyo ikiwa wima na mstari wa chini ukazibwa, nusu ya juu inaendelea kuzalisha. Lakini hiyo ni nusu, ilhali paneli ya zamani iliyolazwa vizuri imebaki na theluthi mbili. Tena, paneli hiyo ya seli nusu ikiwa imeungwa mfululizo na paneli zenye jua kamili, inveta italazimika ama kushusha mkondo wa mfululizo mzima ama kuiruka paneli hiyo yote. Vifaa vya kurekebisha nguvu vinavyofungwa kwenye kila paneli husaidia hapo, ila haviwezi kufufua kundi lililozibwa ndani ya paneli. Paneli za utando mwembamba, ambazo seli zake ni vipande virefu kama utepe, huvumilia zaidi kivuli kinachokatiza vipande vyote, kwani kila kimoja hupoteza kiasi kidogo tu. Kivuli kikilala sambamba na vipande hivyo na kukifunika kimoja kizima, uvumilivu huo haupo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba theluthi si kitu kwa nyumba yenye taa nne na redio. Hapo ndipo hali ilipo mbaya kuliko kwingine. Paneli ndogo ya kuchaji betri ya volti 12 huwa na seli 36 na diodi mbili, kama zipo. Kundi moja likirukwa, zinabaki seli 18 na volti kama 9, nazo haziwezi kuingiza chaji katika betri ya volti 12. Diodi imeiokoa paneli, betri haipati kitu. Na fundi akikagua paa siku moja tu atakosea: Dar es Salaam, adhuhuri ya Juni, jua huwa upande wa kaskazini, na tenki la urefu wa mita 2 hutupa kivuli cha zaidi ya mita moja kuelekea kusini; Desemba kivuli hicho huhamia kaskazini na kufupika hadi kama sentimita 60. Paneli iliyofungwa karibu na tenki, upande wa kusini, itachaji vizuri Desemba nzima kabla mwenye nyumba hajaanza kuilaumu betri.