Ufundi wa Kwenda Pole

Wako wengi wanaokimbia alfajiri katika mitaa yetu. Wanazunguka uwanja mara mbili tatu, kisha wanarudi nyumbani na jasho lao na furaha yao. Ukiwauliza mbona hawajiandikishi nusu marathoni, jibu huwa lilelile: nikiwa tayari. Kwa hao, na hasa kwako wewe uliyenunua raba juzijuzi na bado unaona haya kukimbia mbele za watu, nina neno moja. Jiandikishe kwanza. Utayari utaukuta njiani, kwa sababu mbio hizi ni ufundi, na fundi hajifunzi kwa kuutazama ubao.

Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Kilomita tano mtu mwenye nguvu na kiburi anaweza kuzikimbia bila maandalizi, akatweta, akamaliza. Hizi 21 hazimpi nafasi hiyo. Zinadai kujua kiasi, jambo ambalo nguvu peke yake haimfundishi mtu. Wala hazihitaji mwili wa ajabu. Mtu mzima mwenye afya, anayemudu kukimbia nusu saa bila kusimama, akijipa miezi mitatu minne ya mazoezi ya mara tatu au nne kwa wiki, ana kila sababu ya kutumaini kufika mwisho. Mwenye tatizo la moyo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza, kisha aanze.

Ufundi wenyewe unaanzia pale ambapo wageni wa mbio hupadharau: kukimbia polepole. Kule Iten, nchini Kenya, walikonolewa mabingwa wengi wa dunia, mgeni hushangaa kuwaona wanariadha wakubwa wakianza mazoezi ya asubuhi kwa mwendo ambao hata yeye angeuweza. Wanajua wanachokifanya. Mwendo wa pole, ule unaokuwezesha kumalizia sentensi nzima ukizungumza na mwenzako, ndio unaoimarisha moyo, unaoongeza vijishipa vya damu ndani ya misuli, na unaouzoesha mwili kuunguza mafuta ili sukari yake ibaki akiba. Kano na mifupa nayo hukomaa, ila huchelewa kuliko pumzi. Ndiyo maana wengi huumia mwezi wa pili: pumzi imefunguka, hamu imepanda, lakini miguu haijawa tayari kuibeba hamu hiyo. Mbio ndefu ni maharage. Huiva kwa moto mdogo, na anayechochea kuni kwa pupa hupakua chakula kilichoungua chini na kibichi juu.

Basi siku nyingi za wiki ziwe nyepesi, na moja iwe ya mbio ndefu. Hiyo ndefu iongezwe kilomita moja kila wiki, na baada ya wiki tatu ipunguzwe ili mwili upumue. Ukifika 16 au 18, inatosha. Wiki mbili za mwisho punguza kabisa, hata kama roho inakusukuma ukimbie zaidi, kwa sababu misuli hujijenga wakati wa kupumzika. Tarehe ya mashindano ndiyo inayoupa mpangilio huu maana. Asiyejiandikisha huahirisha siku ya mvua, huahirisha siku ya uchovu, na mwezi unakwisha.

Nchini Tanzania sijui mwalimu bora wa somo hili kuliko njia ya Moshi. Mbio za Kilimanjaro hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla masika haijashika, zikianzia na kumalizikia katika Chuo Kikuu cha Ushirika. Njia ya nusu marathoni hupanda kuelekea Mweka, migomba na mibuni ikiwa pande zote mbili, kisha hugeuka na kuteremka kurudi mjini. Aliyetumia kila alichonacho kwenye mlima huteremka akiwa mtupu, na mteremko huyachosha mapaja zaidi ya wengi wanavyodhani, maana kila hatua misuli inafunga breki. Anayepanda kwa hatua fupi, mabega yamelegea, akiwaacha wenye haraka watangulie, huwakuta wengi wao njiani wakati wa kurudi. Na kama unaishi Moshi au Arusha, unaweza kuizoea njia hii kabla ya siku yenyewe. Hiyo ndiyo tunu ya mbio za nyumbani: mlima unaoujua haukutishi.

Subira hii ndiyo iliyowatukuza wakimbiaji wetu wakubwa. Mwaka 2005, mjini Edmonton, Kanada, Fabiano Joseph alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni kamili na kuipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha, yaliyo tofauti na yale ya nusu marathoni. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua. Petros alikuwa mbele wakizikabili mita za mwisho. Simbu alikuwa bado na kitu cha kutoa, na alikuwa nacho kwa sababu hakukitapanya kilomita za nyuma. Wewe hutakimbia kwa kasi yake, lakini hesabu unayoipiga kilomita ya tatu, ya kutoa kiasi gani na kubakiza kiasi gani, ni ileile aliyoipiga yeye.

Siku ikifika, simama nyuma. Kilomita tatu za mwanzo zikimbie pole kuliko unavyotaka. Kunywa maji vituoni kwa kadiri ya kiu, wala usivae raba mpya. Mlima ukikuzidi, tembea dakika moja kisha ukimbie tena. Hakuna kanuni inayokukataza. Ukivuka mstari utakuwa umejua kipimo cha mwili wako, maarifa ambayo hakuna kocha awezaye kukupa kwa maneno. Mwakani utamwona mgeni mwingine nyuma kule, anatetemeka. Kimbia naye kilomita hizo tatu, mkizungumza. Sisi tuliotangulia tulifundishwa hivyohivyo, na nafasi yako ya kufundishwa iko kwenye fomu ambayo bado hujaijaza.